Mashine ya 1984 na Karatasi za Lupango

Jumamosi moja, ndani ya kibanda cha PlayStation pale Manika, mjini Kolwezi, vijana saba walibishana karibu saa mbili juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Umeme ulikatika, mwenye kibanda akawasha jenereta, umeme ukarudi, nao walikuwa bado wanabishana. Kitu chenyewe ni mashine ya vita katika mchezo wa video. Inaitwa Sahelanthropus.

Aliyeanzisha ubishi ni kijana wa miaka 22 anayebeba abiria kwa pikipiki. Alikuwa ameumaliza mchezo huo wiki ile, na kuna jambo halikumkaa kichwani. Aliliuliza kwa Kiswahili cha huku: "Hii mashini ya 1984 iko nguvu kupita ile ya 2005. Sasa bale batengenezaji balisahau?"

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kushika maneti ya PlayStation, jambo lenyewe ni hili. Kuna mfululizo wa michezo ya Kijapani unaoitwa Metal Gear, ulioanzishwa na Hideo Kojima katika kampuni ya Konami. Katika kila mchezo kuna askari anayeingia kwa siri penye maadui, na karibu kila mara mwisho wa safari anakuta mashine kubwa yenye miguu, inayoweza kurusha bomu la nyuklia kutoka mahali popote. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1987, na hadithi yake iko katika mwaka 1995, kwenye ngome ya siri huko Afrika Kusini. Wa pili ulitoka 1990, hadithi yake ni ya 1999, nao unafanyika katika nchi inayoitwa Zanzibar Land. Watu wa pwani wasifurahi mapema: Zanzibar hiyo haina bahari wala karafuu, wameiweka katikati ya Asia, jirani na Afghanistan na China. Halafu ukaja Metal Gear Solid ya 1998, hadithi ya 2005 huko Alaska, yenye mashine maarufu kuliko zote, REX.

Baada ya hapo Kojima akaanza kurudi nyuma. Mchezo wa 2004 unasimulia mwaka 1964. Ule wa 2010 unasimulia 1974. Mwezi Septemba 2015 ukatoka The Phantom Pain, hadithi ya 1984, nusu yake Afghanistan na nusu nyingine, ambayo ndiyo iliyowafanya vijana wa Kolwezi kuutafuta, kwenye mpaka wa Angola na Zaire.

Zaire. Vijana wengi pale kibandani walizaliwa baada ya jina hilo kufutwa. Waliona mito, mgodi wa almasi wenye watoto wafungwa, visima vya mafuta vinavyochafua maji. Majina ya vijiji ni ya Kikongo, si ya Katanga. Kuna kituo kinachoitwa Munoko ya Nioka, na kila anayejua neno moja la Kilingala anacheka: mdomo wa nyoka. Kwa hiyo hapo si Dilolo, hapo ni kule mpakani upande wa Bas-Congo, au ni mahali palipobuniwa tu na kupewa majina ya Bas-Congo. Hata hivyo, mwaka 1984, mtu aliyetoka Kolwezi kufuata reli kuelekea magharibi alifika mpaka ule ule wa Angola, nayo njia ya Benguela upande wa pili ilikuwa imefungwa na vita tangu 1975. Tena mji wenyewe ulikuwa umeshaonja vita ya mpakani. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliokuwa wakiishi Angola waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Legioni ya Ufaransa wakaruka kutoka angani. Wazee huzihesabu siku hizo mpaka leo.

Turudi kwenye ubishi. Mashine ya 1984 inasimama wima kama mtu, inakimbia, inaruka, inajikunja na kutambaa. Ngozi yake imetengenezwa kwa urani iliyopungua nguvu. Ile ya 1995 inalipuliwa kabla haijapiga hatua moja. REX ya 2005 inatembea kwa kuinama na inahitaji mtu akae ndani kuiendesha. Inawezekanaje ya zamani iwe bora kuliko za baadaye?

Jibu la kwanza pale kibandani lilikuwa fupi. Mwaka 1987 kompyuta ilichora mashine kwa vidoto vichache, mwaka 2015 ilichora hata vumbi kwenye skrubu zake. Msimuliaji ameendelea, hadithi imerudi nyuma, ndiyo maana ya nyuma imependeza kuliko ya mbele. Ni jibu la kweli, lakini ni jibu la mtu aliye nje ya hadithi, nao walitaka jibu la ndani.

La ndani lipo, na waliocheza kwa makini wanalijua. Ndani ya mchezo, fundi aliyeiunda Sahelanthropus alishindwa kuifanya itembee inavyotakiwa. Chumba cha kuendeshea kilikuwa kidogo, kinamfaa mtoto tu. Kinachoiinua ile mashine ni nguvu za mtoto mwingine, mwenye uwezo wa ajabu, anayevuta hasira za watu walio karibu naye na kuzigeuza nguvu. Ukimwondoa mtoto huyo, kinachobaki ni chuma kilichosimama.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo linahusu jina. Sahelanthropus ni jina la kitaalamu la kiumbe wa kale ambaye fuvu lake lilipatikana katika jangwa la Djurab nchini Chad, mwezi Julai 2001, na kundi la watafiti wa Chad na Ufaransa lililoongozwa na Michel Brunet. Aliyeliona kwanza ni Mchad, Ahounta Djimdoumalbaye. Jina lilitangazwa katika jarida la Nature mwaka 2002, na umri wa fuvu ukakadiriwa kuwa miaka milioni 7 hivi. Wachad wanaliita Toumaï, tumaini la maisha. Watafiti walisema huenda kiumbe huyo alitembea kwa miguu miwili, na hapo ndipo mchezo ulipopata jina la mashine inayosimama wima. Sasa, mwaka 1984 mfupa ule ulikuwa bado chini ya mchanga, haujulikani na mtu. Mashine ilipewaje jina la mfupa ambao haujapatikana?

Mmoja alisema katika dunia ya mchezo mfupa ulipatikana mapema. Mwingine akasema hiyo ni njia ya kukimbia swali. Kijana wa pikipiki alikuwa upande wa huyu wa pili. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari miwili: kushoto mwaka wa hadithi, kulia mwaka mchezo ulipotoka. Ameandika yote kwa mpangilio, 1964 hadi 2005, na pale ambapo kitu hakiunganiki ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Aliporudi nyumbani jioni ile alimweleza babu yake, kambo kama wanavyosema huku. Mzee huyo alifanya kazi chini ya ardhi, Kamoto, enzi za Gécamines ya nguvu. Alisikiliza hadithi yote, mashine, mtoto, mfupa, huku akimalizia bukari yake. Habari ya mfupa haikumgusa. Juu ya mashine alishangaa kwamba vijana wanashangaa.

"Unashangaa nini, mujukulu? Hapa kwetu ya zamani njo ilikuwa ya nguvu."

Mwenye kusema kwamba kitu cha mwaka wa nyuma hakiwezi kuwa bora kuliko cha mwaka wa mbele, huyo hakuishi Kolwezi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha 40,000. Katikati hapo, Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwishoni mwa 1991 miji iliporwa. Mtu aliyezaliwa 1984 katika kambi ya wafanyakazi alizaliwa hospitali ya kampuni, akaanza shule ya kampuni, akala unga wa kampuni. Mdogo wake aliyezaliwa 1995 alikuta watu wanachimba kwa chepe na kuosha mawe kwa mikono. Kijana wa pikipiki mwenyewe, akiwa na miaka 11, alikuwa akiosha mawe Kapata kabla ya kwenda shule, siku zile alizokwenda. Kwa mtu kama huyo, habari ya chuma kikubwa ambacho bila mtoto hakitembei si ya ajabu sana.

Na urani? Mzee alipoisikia alisema neno moja tu, Shinkolobwe. Mgodi huo uko upande wa Likasi, na urani yake ndiyo iliyokwenda Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia ikatengenezewa mabomu ya kwanza ya atomiki. Wajapani ndio walioangukiwa na bomu, na Mjapani ndiye aliyetunga mchezo unaolalamikia bomu hilo tangu 1987. Hayo vijana walikuwa hawajayaunganisha.

Huenda mambo yangeishia hapo, mazungumzo ya jioni tu, kama isingekuwa ile barua.

Familia hiyo inaishi katika kartiye ambayo mgodi umeifikia. Kampuni moja inapanua shimo lake, na nyumba zimewekewa alama za rangi ukutani. Wenye nyumba waliambiwa walete karatasi zinazoonyesha lupango ni la nani na tangu lini, kwa sababu malipo ya kuhamishwa yanafuata hizo. Wengi wa wanaofuatilia habari hizi wanaijua foleni hiyo. Wengine walishaimaliza na wanasoma maneno haya wakiwa wamepanga chumba mahali pengine.

Mzee alipeleka alichokuwa nacho, akarudishwa. Karani alimwambia kwa upole, tena akimwita "papa," kwamba karatasi zake ni za watu wawili tofauti katika mikoa mitatu tofauti.

Karani hakudanganya, ndivyo zilivyosomeka. Fishi ya lupango ni ya 1984, imeandikwa Mkoa wa Shaba, Zoni ya Manika, jina la mzee likiwa majina mawili ya Kiafrika bila la ubatizo, kwa sababu tangu 1972 Mobutu alikuwa amekataza majina ya Kikristo. Kadi ya mpiga kura ya 2005 inasema Katanga, komini ya Manika, na jina la kwanza ni lile la ubatizo alilolirudisha baada ya ruhusa kurudi. Karatasi mpya inasema Lualaba, mkoa uliozaliwa 2015, mwaka ule ule mchezo ulipotoka. Zaire ilikwisha Mei 1997, zoni zikawa tena komini, na avenyu yenyewe ilibadilishwa jina mara moja. Nyumba haikusogea hata hatua moja. Ni mji uliotembea chini yake.

Kijana alizitandaza karatasi zote kitandani. Akachukua lile daftari la Metal Gear, akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari miwili. Kushoto mwaka, kulia karatasi inasema nini. Pale zoni ilipogeuka komini akaandika kwa nini. Pale jina lilipoongezeka akaandika kwa nini. Alitafuta ushahidi wa kila hatua. Kitambulisho cha zamani cha babu, cha enzi za Zaire, kilikuwa na namba ile ile iliyonakiliwa nyuma ya fishi ya lupango. Hapo mtu wa kwanza na wa pili wakawa mtu mmoja. Inafaa kukumbuka kwamba 1984 ndio mwaka wa mwisho nchi hii ilipohesabu watu wake wote kwa sensa. Mwenye karatasi ya mwaka huo asiichezee.

Basi alama nyekundu zikapungua hadi moja. Kuanzia 1993 hadi 1997 hakuna karatasi hata moja. Hakuna risiti ya maji, hakuna barua ya kazi, hakuna cheti cha shule cha mtoto yeyote wa nyumba hiyo.

Wanaoijua The Phantom Pain wataikumbuka sura ya 51. Ndani ya mchezo, mvulana aitwaye Eli anaiba Sahelanthropus na kuruka nayo, na mchezo unakwisha bila kusema ilikokwenda. Sura iliyotakiwa kusimulia hayo, ambako mvulana anafuatwa hadi kisiwani na mashine inapigwa mpaka inaanguka, haikumalizwa. Vipande vyake viliwekwa kwenye diski ya nyongeza ya toleo ghali, picha za mchoro na sauti, na mwaka huo huo Kojima akaondoka Konami. Kwa hiyo swali la kwa nini watu wa 1995 hawaijui mashine ya 1984 lina jibu. Jibu lilikatwa.

Kijana alimwuliza babu yake juu ya miaka ile minne. Mzee alisema hajui. Siku ya pili alisema alikuwa mgonjwa. Siku ya tatu ni bibi ndiye aliyejibu, akiwa anachambua sombe, bila kuinua macho.

Yeye ni mtu wa Kasai. Mwaka 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, aliondoka na watoto wake wanne hadi stesheni ya Kolwezi, na huko wakalala nje pamoja na maelfu ya wengine wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu. Mume wake ni mzaliwa wa Katanga. Hakuna aliyemfukuza. Angeweza kubaki na nyumba yake na kazi yake, ile iliyokuwa imebaki. Alikaa siku tano peke yake ndani ya nyumba, halafu akampangisha jirani, akafunga vitu viwili na kwenda kulala stesheni.

Kijana hakuwahi kuambiwa hayo. Baba yake mzazi alikuwa mmoja wa wale watoto wanne.

Kama mwandishi wa habari za huku anaruhusiwa kutoa maoni, basi ni haya: dosye za kuhamisha watu zinauliza "tangu lini" kana kwamba kila familia iliachwa ikae. Katika mji huu, mtu mwenye karatasi zisizo na tundu ni wa kuulizwa maswali zaidi kuliko mwenye tundu. Wapo wa Kasai waliorudi na wasiorudi, wapo waliokuja juzi wakikimbia vita vya mashariki na hawana hata fishi, wapo waliovunjiwa nyumba mara ya pili. Karani anayetaka mstari ulionyooka anataka kitu ambacho historia ya hapa haikukitoa kwa wengi.

Mzee hakutaka habari hiyo iandikwe. Sababu yake haikuwa hasira. Alisema majirani wa wakati ule wengine bado wapo, wanasalimiana kila siku, wanazika pamoja, na hataki karatasi inayosema fulani alikuwa mwema na fulani hakuwa. Walibishana siku mbili, safari hii bila jenereta. Kijana alimwambia kwamba hawataandika nani alifanya nini, wataandika tu nani alikuwa wapi. Bibi akasema hata hilo linatosha, maana yeye alikuwa stesheni na hakwenda kutembea.

Walimtafuta jirani aliyepanga nyumba ile. Yuko Fungurume siku hizi, amezeeka, anauza makaa. Kijana alikwenda naye babu kwa basi, na yule mzee wa Fungurume akakubali kutia dole gumba kwenye karatasi inayosema kwamba alipanga nyumba hiyo kwa mwenyewe kuanzia 1993, na kwamba alimkabidhi ufunguo aliporudi 1997. Alikumbuka hata kodi, na kwamba kwa miezi mingi hakuilipa kwa sababu hapakuwa na wa kumlipa. Alitaka kuilipa sasa. Mzee wa Kolwezi alicheka hadi akakohoa.

Dosye ilipelekwa tena, na nakala ya ukurasa wa daftari juu yake. Karani aliusoma kwa muda mrefu, akauliza nani ameutengeneza, akagonga muhuri wa kupokea. Jibu la malipo bado halijatoka. Alama ya rangi bado iko ukutani.

Pale kibandani hakuna aliyeshinda kuhusu mfupa wa Chad. Kijana anashikilia kwamba ni kosa la waandishi na hakuna maelezo yatakayoliosha. Daftari analo bado, ingawa ule ukurasa wa lupango sasa una mwandiko wa watu wawili. Pale kwenye mstari wa 1993, penye alama nyekundu, mzee ameandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, kwa herufi za mtu aliyesoma shule ya misheni: stesheni, wiki tatu, watoto wanne, mvua.